Daftari la Unyevu

Kwa miezi minne sasa, hakuna aliyeruhusiwa kuwasha taa ya korido mchana nyumbani kwa Mwadi. Ukitoka jikoni kwenda chooni unapapasa ukuta, unahesabu milango, na ukiwa na bahati hukanyagi viatu vya Océane. Jumatatu ile Mwadi hakuwa na bahati. Alikuwa ametoka kazini, kwenye nyumba ya wazee, mikono yote miwili ina mifuko ya soko na barua ameibana kwa meno, akajigonga goti kwenye chuma cha kuanikia nguo. Akasimama palepale gizani, barua mdomoni, akingoja maumivu yapoe. Kisha akafungua mlango wa chumba bila kubisha.

"Papa Océane, amuka. Kuko barua."

"Funga mulango kwanza," alisema Ngoy, macho bado ameyafumba. "Unaingiza mwangaza."

Mumewe alisafisha tramu zamu ya usiku, kwa hiyo mchana alilala. Hilo Mwadi hakulipinga. Lakini mwangaza ule Ngoy hakuuogopa kwa ajili ya usingizi wake. Ndani ya kabati la chumba hicho, kabati ambalo Mwadi alilinunua yeye mwenyewe kwa ajili ya nguo zake za kanisani, ulisimama mmea wa bangi kwenye ndoo, mfupi, mnene, wenye majani mapana. Usiku uliwashiwa taa maalumu. Mchana ulitakiwa giza kamili, na Ngoy aliapa kwamba hata mwanga wa tundu la ufunguo ungeuchanganya akili. Mmea wa pili, mrefu na mwembamba, ulikuwa katika chumba cha mama yake Mwadi.

"Technicien wa nyumba anakuya kesho," Mwadi alisema. "À dix heures, saa ine ya asubui. Kuangalia ukuta ya salon."

Ngoy akafumbua jicho moja. "Juu ya nini ulibaita?"

Mwadi akaiweka mifuko chini taratibu, kwa sababu asingeiweka taratibu angeitupa. Miaka miwili. Barua nne, na simu zisizo na hesabu, kwa ajili ya ukuta wa sebuleni uliokuwa ukitoa maji na kuota ukungu mweusi kila majira ya baridi. Mara ya mwisho shirika la nyumba lilimjibu kwamba unyevu ule umeletwa na mpangaji mwenyewe: mnapika sana, mnaanika nguo ndani, hamfungui madirisha. Likaongeza kwamba mpangaji anayeharibu nyumba anaweza kuondolewa. Na nyumba hii ya ghorofa ya nne, hapa Berchem-Sainte-Agathe, Ubelgiji, waliingojea kwenye orodha miaka tisa.

"Nilibaita mbele ya weye kulima shamba mu kabati yangu," alisema. "Sasa njo banakuya. Bakiona hii bintu, banatufukuza. Tutaenda kulala wapi? Ku kanisa?"

"Mumea moja, hata polisi hashugulike nayo."

"Iko mbili. Na batu ya nyumba si polisi."

"Zile mbili haziwezi kukaa pamoja, nilikuelezea." Ngoy sasa alikuwa ameketi, na sauti yake imeingia ule upole wa mwalimu ambao Mwadi aliuchukia. "Huyu mufupi, bankambo yake, babu ya zamani, batokaka ku milima, kwenye baridi na hewa ya kukauka. Ukimuweka mu joto na majimaji, anaoza. Ule murefu, kwabo ni joto, kama kwetu. Ukimuweka mu baridi anasimama tu, anakuangalia."

"Vile miye niko nakuangalia sasa."

Mwadi akafunga mlango, kwa nguvu, na kibao cha kutundikia funguo kikaanguka huko gizani ambako asingeweza kukiona.

Ubaya wa jambo hili ni kwamba lilianza kwa wema. Mama yake, Maman Alphonsine, magoti yalikuwa yakimtesa tangu alipofika Ulaya. Carine, muuguzi mwenzake Mwadi, akaleta kichupa cha matone ya bangi kutoka kwa kaka yake. Kichupa cha kwanza, bibi alilala kama mtoto mchanga. Kichupa cha pili, kutoka kwa kaka huyohuyo, bibi alimwona marehemu mumewe ameketi juu ya kabati akidai shati lake jeupe. Carine akasema dawa ni ileile. Hapo Ngoy akasimama. Alikuwa na shahada ya kilimo ya Lubumbashi ambayo Ubelgiji kwa miaka kumi na mmoja ilikuwa bado inaifikiria, na hili ndilo swali la kwanza la kilimo alilowahi kuulizwa katika nchi hii. Si ileile, alisema. Ni koo mbili tofauti. Atazipanda zote mbili, kila moja katika hali inayoifaa, ijulikane ya bibi ni ipi.

Kabla hata ya mbegu, akapima nyumba wiki sita. Kwanza unajua chumba, ndipo unachagua mbegu, alisema, na akanunua vipimo vidogo vya joto na unyevu akavibandika kila mahali kama stempu. Kisha akahamisha watu. Océane, binti yao wa miaka kumi na miwili, alikuwa akilala sebuleni na kukohoa. Akapelekwa kwenye chumba cha wazazi, chumba kikavu, kitanda chake kikawa ubavuni mwa lile kabati la mmea mfupi. Mrefu akapewa chumba cha bibi na redieta kubwa ya umeme. Na Mwadi akahamia kwenye kochi la sebuleni. Hakuna aliyemuuliza. Lakini unamgombezaje mwanamume anayehangaikia magoti ya mama mkwe wake?

Tena alihangaika kwa adabu zote. Kwa kina Ngoy, na kwa kina Mwadi vilevile, mume haingii katika chumba anacholala mama mkwe. Haingii, hachungulii, na akiongea na mama mkwe wake huongea kwa heshima na kwa mbali. Kwa hiyo mmea mrefu Ngoy aliulea kutoka koridoni. Alisimama gizani na daftari, na Maman Alphonsine, aliyefundisha shule ya msingi Kamina kwa miaka thelathini, alimsomea kwa Kifaransa namba za joto na unyevu kupitia mlango uliofungwa. "Vingt-six. Soixante et un." Ngoy anaandika. "Aksanti, maman." Jani likionekana vibaya, Océane aliingia na simu akalipiga picha. Miaka miwili katika nyumba hii, na Ngoy hakujua hata rangi ya shuka la chumba kile.

*

Mpango waliufanya mezani jioni ileile, kabla Ngoy hajaenda kazini. Kuitupa mimea Ngoy alikataa; mfupi ulikuwa umebakiza wiki tatu tu uvunwe. Kuihamisha nako alikataa.

"Bon," Mwadi alisema. "Mufupi anabakia mu kabati, tunaweka bamanto mbele. Yeye anakuya kuangalia salon, hana kazi mu chambre. Maman atalala kitandani, tutasema ni mugonjwa. Muntu mwenye adabu haingiake kwa mugonjwa."

"Miye siko mugonjwa," ilisema sauti ya Maman Alphonsine kutoka chumbani.

"Kesho utakuwa, maman."

"Bon."

Mwadi akamgeukia mumewe. "Na weye utanyamaza."

"Nitanyamaza."

"Hata akisema mambo ya bure."

"Maman Océane, miye siko mutoto." Ngoy alionekana ameudhika kweli. Akavaa jaketi lake la kazi, akazima taa ya korido ambayo Océane aliisahau, akatoka.

*

Asubuhi Mwadi aliomba ruhusa kazini akabaki nyumbani. Harufu ya mmea mfupi ilikuwa imeanza kuvuka mlango, harufu kali ambayo mtu yeyote mwenye pua angeijua. Hivyo tangu saa moja aliweka sombe jikoni, majani ya muhogo, sufuria kubwa, na samaki wakavu juu yake, na akaacha ichemke. Harufu ya bangi ilikwisha kabisa. Hakukumbuka jambo la pili, mvuke, hadi kengele ilipolia, alipotazama madirisha na kuona maji yanatiririka kwenye vioo vyote.

Fundi aliitwa Florent. Jina lilikuwa kwenye kadi kifuani. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye buti safi, na alisimama mlangoni akivuta hewa.

"Mnapika," alisema kwa Kifaransa.

"Leo tu," alisema Mwadi.

Florent akaandika kitu kwenye karatasi yake. Mwadi akatamani kuimwaga sombe dirishani. Kwa mikono yake mwenyewe, siku hii ya kungojewa miaka miwili, alikuwa amemtengenezea fundi ushahidi na kuupasha moto.

Sebuleni fundi alivuta kochi kutoka ukutani. Blanketi na mto wa Mwadi vikaanguka nyuma, pamoja na soksi zake za kulalia, na fundi akaviokota kimoja kimoja akavipanga juu ya meza kama anayepanga vitu vya marehemu. Nyuma ya kochi ukuta ulikuwa mweusi tangu chini hadi usawa wa kiuno.

"Nani analala hapa?"

"Mimi." Mwadi akakohoa. Alikuwa akikohoa asubuhi tangu Novemba, na alikuwa amewaambia watu wote kuwa ni baridi.

Fundi akachomeka kipimo chake chenye sindano mbili, akatazama, akatikisa kichwa. "Ukuta huu unaendelea nyuma ya chumba kile. Lazima nione upande wa pili."

"Kule ni kukavu," alisema Ngoy, akiwa bado na jaketi lake la kazi.

"Ndiyo sababu nataka kuona."

Wakaingia chumbani. Kabati lilikuwa limeegemea ukuta uleule, bila shaka. Florent akafungua mlango wa kabati ili ashike ubao wa nyuma, akasogeza makoti mawili, kisha la tatu, akabaki amelishika la nne mkononi. Mwadi alisikia sufuria ikichemka jikoni. Aliwaza kuhusu masanduku, jinsi yalivyo mazito ukishuka nayo ghorofa nne, na ni nani kanisani angewapokea watu wanne wenye sifa kama hiyo.

"Ni mmoja?" Florent aliuliza.

"Mmoja," Mwadi alisema. "Ni dawa. Ya mama yangu, magoti."

Fundi akalirudisha koti mahali pake. "Mmoja sijauona. Nimekuja kuangalia ukuta." Hata alitabasamu. "Chumba kingine kiko wapi?"

"Ndimo alimo mama. Anaumwa. Hakigusani na ukuta huu."

"Basi tusimsumbue."

Mwadi akampisha apite. Yamekwisha, alijiambia. Na yangekwisha, kama Florent asingekuwa mtu mwema. Lakini watu wema hupenda kuongeza neno moja la kuchangamsha, na Florent, akiwa anaelekea mlangoni, akaongeza la kwake.

"Shemeji yangu anayo gereji nzima. Aina kumi, taa moja, maji yaleyale, zote pamoja. Mimi humwambia, zote ni bangi tu. Jani ni jani."

Ngoy akakohoa kidogo. Mwadi akamkanyaga mguu.

"Samahani, bwana," Ngoy alisema.

"Papa Océane."

"Samahani, lakini si kweli." Alisema kwa Kifaransa kizuri ajabu, Kifaransa ambacho Mwadi hakuwa amekisikia tangu Lubumbashi, cha mtu aliyesimama mbele ya ubao. "Shemeji yako anapoteza nusu ya mimea, na hajui sababu. Mmea una asili. Asili yake ndiyo inaamua joto, inaamua hewa, inaamua ni lini utatoa ua. Huyu wa kabatini ua lake ni nene, unyevu ukiingia ndani linaoza kutoka katikati. Lakini wa joto, vidole vya jani ni vyembamba, ua liko wazi, hewa inapita. Unyevu unaomuua huyu, yule anacheka tu."

"Kwangu zote zinafanana," alisema Florent.

"Zinafanana!" Ngoy akashika mkono wa fundi. "Njoo. Dakika moja. Njoo uone kwa macho yako."

Mwadi alimwita mumewe kwa jina, lile la utotoni, ambalo hakuwahi kulitumia. Ngoy hakusikia. Alivuka korido kwa hatua tatu, akakamata kitasa, akaufungua mlango wa mama mkwe wake na kuingia, bado akiongea, akamvuta fundi nyuma yake hadi dirishani ambako mmea mrefu ulikuwa umefika kwenye pazia. Alilichukua jani akalitandaza kiganjani. "Tazama vidole. Hesabu. Sasa linganisha na lile..."

Hapo akamwona Maman Alphonsine.

Alikuwa kitandani kama walivyokubaliana. Lakini chumba kilikuwa cha moto, na kwa kuwa hakuna aliyetarajiwa kuingia, alikuwa amelitupa shuka pembeni, gauni la kulalia limepanda, kichwa wazi na mvi zake zote, miguu mitupu ameinyoosha kuelekea kwenye redieta. Walitazamana. Bibi akavuta shuka hadi usoni. Shuka lilikuwa la kijani.

Ngoy aliliachia jani. Alitoka kinyumenyume, mikono imeshikana mbele, hadi mgongo wake ulipogonga ukuta wa korido, akateleza chini akaketi sakafuni kati ya viatu vya binti yake.

*

"Ana nini?" Florent aliuliza.

"Hapaswi kuingia humo," Mwadi alisema.

"Kwa sababu ya mmea?"

"Kwa sababu ya mama yangu."

Fundi alitazama mlango, kisha mtu mzima aliyeketi sakafuni ameuficha uso, na hakuelewa. Alichoelewa ni kwamba aliambiwa mmoja, na ameona miwili, na taa, na redieta, na sufuria, na madirisha yanayolia maji. Tabasamu lilikuwa limemtoka. Watu huvumilia mengi, ila si kuonekana wajinga.

"Madame, mimi nilikuwa tayari kusaidia," alisema, akitoa kalamu. "Lakini hapa kuna sehemu ya kujaza: chanzo cha unyevu. Mnataka niandike nini? Hii mimea inapumua maji usiku na mchana." Akaandika neno moja. Mwadi alilisoma likiwa limepinduka. Mpangaji.

Miaka tisa, aliwaza Mwadi, na imekwisha kwa jani. Hakuwa na hasira tena, au hasira ilikuwa kubwa mno asiione mwisho wake. Alitaka kusema kwamba ukuta ulioza kabla, lakini alishasema hivyo katika barua nne.

"Mwadi." Sauti ilitoka chini ya shuka. "Lete cahier."

"Maman, achaka."

"Lete cahier ya bwana yako. Si page ya bangi. Page ya mbele, ile ya mbele ya mbegu." Kisha, kwa Kifaransa cha darasani, polepole, kila silabi mahali pake, Maman Alphonsine akamwambia fundi: "Bwana, kabla ya kuandika, mtu husoma kwanza."

Daftari lilikuwa juu ya friji. Mwadi akalifungua ukurasa wa kwanza, na kwa mara ya kwanza katika miezi minne akaliangalia. Tangu katikati ya Agosti hadi mwisho wa Septemba, mara mbili kwa siku, kila chumba na mstari wake: joto, unyevu, dirisha wazi au limefungwa, sufuria jikoni ndiyo au hapana, nguo zimeanikwa ndiyo au hapana. Hata idadi ya watu waliolala ndani iliandikwa. Mwandiko wa Ngoy ulikuwa mdogo na ulionyooka, wa mtu anayetegemea kusahihishwa.

Florent alisoma akiwa amesimama. Akafunua. Akarudi nyuma. "Hapa Septemba, siku sita, mmeandika sifuri. Watu sifuri."

"Tulikuwa Liège. Tulifiwa."

"Nyumba ilikuwa tupu?"

"Tupu. Tulizima kila kitu."

"Na kona ya sebule asilimia themanini na nane. Septemba." Fundi alienda sebuleni, akaweka kiganja kwenye ukuta mweusi. "Nani alipima?"

"Kipimo chenyewe kinatunza namba," ilisema sauti ya chumbani. "Mimi nilizisoma tuliporudi. Yeye aliandika. Nilimsomea mara mbili."

Florent alipiga picha kurasa kumi na moja. Alikata lile neno lake kwa mstari, akaandika juu yake: jengo, ukuta wa nje, ichunguzwe. Kisha akafunga kalamu.

"Ijumaa nitarudi na mkuu wangu na mtu wa kuta. Mimi leo nimeangalia ukuta tu. Mkuu wangu hufungua makabati." Alipokuwa akiondoka alimruka Ngoy kwa uangalifu. Mlangoni aligeuka. "Vidole vya jani," alisema, "nitamwambia shemeji."

*

Mlango ulipofungwa, Maman Alphonsine aliita. "Mwadi, muambie bwana yako ameniona."

Ngoy, mita mbili kutoka kwenye mlango ule, akasema bila kuinua kichwa: "Muambie maman najua. Muambie naomba pardon."

"Muambie pardon bila kintu si pardon. Kuku moja. Na pagne ya kitenge."

"Muambie ni ndiyo. Zote mbili."

"Si munasikilizana?" Mwadi alisema. "Miye niko simu?"

"Tena muambie," bibi aliendelea, "ile bangi yake, aitoshe mu nyumba, aitupe. Yote mbili. Sitakunywa. Tangu nilimuona mufu juu ya kabati, nilisema basi, na kile kichupa cha Carine nilimwanga mu lavabo. Sikusema juu bwana yako alikuwa na furaha."

Ngoy akainua kichwa. "Lakini magoti... Muambie, magoti si iliacha kuuma? Niko naandika kila posho, kila wiki."

"Iliacha kuuma siku ulileta chauffage. Ni joto, mwanangu." Alikuwa amesahau kupitisha maneno kwa Mwadi. "Kamina miye sikukuwa na magoti mubaya. Utoshe muti, uache chauffage."

Mwadi angecheka kama angekuwa mtu mwingine. Miezi minne ya giza, kabati lake, nguo zake za kanisani ndani ya mfuko wa plastiki, na dawa ilikuwa redieta. Alimtazama mumewe na kumwonea huruma, na huruma hiyo nayo ikamkera.

Waliikata mimea mchana huo. Mwadi aliutoa mrefu hadi koridoni, Ngoy akatumia kisu cha jikoni, na alipofika kwenye mfupi alisimama muda mrefu, kwa sababu ua lilikuwa safi kabisa, halikuoza hata kidogo, kama alivyosema. Alilionyesha. Mwadi akasema ndiyo, ameliona. Kisha wakagombana kuhusu mfuko. Ngoy alitaka wa kijani, kwa kuwa mimea ni takataka za bustani na sheria ya mitaa iko wazi. Mwadi alimuuliza kama ana bustani kwenye ghorofa ya nne. Ikaingia kwenye mfuko mweupe wa takataka za nyumbani, chini ya maganda ya viazi, na Ngoy akaufunga kama anayefunga mzigo wa mtu mwingine.

Mwadi akakaa mezani na daftari, ili atoe zile kurasa za mwanzo, azinakili vizuri kwa ajili ya Ijumaa. Alinakili Agosti. Alinakili siku sita za Liège. Baada ya Septemba, kabla ya ukurasa wa mbegu, kulikuwa na ukurasa ambao fundi hakuupiga picha, kwa sababu haukuwa na namba nyingi. Juu yake Ngoy aliandika: Wakaaji.

Océane: unyevu unamkohoza. Apewe chumba kikavu, hata chenye baridi. Maman: joto, si chini ya ishirini na tatu, mwanga mwingi, amezoea jua. Mimi: mchana giza, popote. Mstari wa mwisho ulimhusu mkewe. Mwadi: sebule, kona ya kaskazini. Anavumilia vyote.

Alisoma mara moja. Akasoma tena, akitafuta kama kuna neno lingine, alama ya kuuliza, joto, kipimo chochote. Hapakuwa na kitu. Kila kilicho hai ndani ya nyumba hii, hata jani, kilikuwa kimeulizwa kwao ni wapi na kinataka nini.

Ngoy alikuwa amesimama nyuma yake na mfuko mweupe mkononi.

"Hii ni nini?" Mwadi aliuliza.

"Ni... ni observation tu, Maman Océane. Ni kama kusema uko nguvu."

"Observation."

"Si mubaya. Mumea ya kuvumilia njo tunaipendaka zaidi."

Mwadi akachukua kalamu. Alikata yale maneno mawili kwa mistari miwili, na kwa kuwa nafasi ilikuwa ndogo, akaandika pembeni kwa herufi kubwa: SI KWELI. Kisha akasimama, akachukua blanketi, mto, na soksi zake ambazo fundi alizipanga mezani. Koridoni aliwasha taa. Aliingia katika chumba kikavu, akajilaza kwenye kitanda chake mwenyewe, kilichokuwa bado na joto la mumewe, akavuta blanketi hadi masikioni. Ilikuwa saa tisa alasiri.

Alimsikia Ngoy akishusha mfuko ngazini, akirudi, akisimama chini ya taa ya korido. Alisikia mkono wake ukigusa swichi kwa mazoea, halafu ukiiacha. Kisha kochi la sebuleni likalia. Alikuwa na saa nne za kulala kabla ya kazi.

Baada ya nusu saa Ngoy akaanza kukohoa. Alikohoa kidogo, akanyamaza, akakohoa tena kwa nguvu zaidi, kikohozi kilekile cha asubuhi, cha Mwadi mwenyewe. Mwadi alikisikiliza mpaka akakitambua kabisa. Akageukia upande wa pili, akalala.